Maua ya mwitu kwa mitaa ya Eastlands: yepi ya kupanda, yepi ya kuacha

Mtu wa Pwani akifika Eastlands, Nairobi, hawi mgeni wa majina. Kuna Majengo, kuna Kaloleni, kuna Makadara, kuna Makongeni. Hata kabla ya Pumwani kupimwa mwanzoni mwa miaka ya 1920, kimojawapo cha vijiji vya Waafrika katika mji huu kiliitwa Mombasa. Majina ni yetu, lakini ardhi ina tabia zake. Mlangilangi uliozoea joto la bahari hautapenda usiku wa Julai wa huku. Nimeishi Buruburu zaidi ya miaka ishirini, na ndugu zetu wanaohamia huku kwa kazi au masomo huniuliza swali lilelile: nipande nini mbele ya mlango kisichotaka maji kila siku? Jibu langu ni maua ya mwitu ya hapa hapa. Haya ndiyo maelezo yake, kwa anayeishi huku na kwa aliyeko Pwani pia, kwani baadhi ya mimea hii iko hata kwetu.

Ardhi, mvua na maji

Eastlands imekaa ukingoni mwa nyanda za Athi, zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari. Kabla ya nyumba, sehemu hii ilikuwa nyika ya majani yenye vichaka vya hapa na pale, mfano wa ile inayoonekana hadi leo ndani ya Mbuga ya Taifa ya Nairobi, iliyotengwa mwaka 1946. Magharibi ya jiji, kina Karen na Kabete, kuna udongo mwekundu na mvua zaidi. Upande wetu una udongo mweusi mzito. Ukinyeshewa huvimba na kung'ang'ania viatu. Ukikauka hupasuka nyufa. Mafundi wa nyumba huulaani, na mimea mingi ya bustanini huuchukia.

Mvua huja mara mbili, masika kuanzia Machi hadi Mei na vuli kuanzia Oktoba hadi Desemba. Katikati, Juni hadi Agosti, ni baridi na mawingu makavu. Januari na Februari ni jua tupu. Hiyo ndiyo ratiba ikienda sawa. Tangu mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022 sehemu nyingi za pembe hii ya Afrika zilikosa mvua ya kutosha misimu mitano mfululizo. Kisha vuli ya 2023 na masika ya 2024 zikaja na mafuriko, na huku Nairobi wakazi wa kando ya mito, Mathare hasa, wakapoteza watu na nyumba. Kwa hiyo mmea wa Eastlands lazima ustahimili mambo mawili: miezi ya kukosa maji, na wiki za kusimama ndani yake.

La tatu ni mfereji. Maji ya jiji huja kwa mgao, na ploti nyingi hununua kwa mtungi wa lita 20. Bustani inayodai maji kila jioni inashindana na sufuria na beseni la kufulia. Hapo maua ya mwitu hushinda: mengi, yakishashika mizizi, hayahitaji zaidi ya mvua na maji machache wakati wa kiangazi kikali.

Mwenyeji ni nani?

Watu hudhani kila kinachoota bila kupandwa ni cha kienyeji. Sivyo. Jakaranda inayopaka Nairobi rangi ya zambarau kila Oktoba ilitoka Amerika ya Kusini. Bogenvilia pia. Lantana ya maua mchanganyiko, ile inayofunga malisho, ilitoka Amerika. Alizeti mwitu ya kando ya barabara, Tithonia, ilitoka Mexico na nchi jirani. Na lile gugu la vijiua vyeupe vidogo lililojaa viwanja vitupu vya Embakasi na Kayole, Parthenium, nalo asili yake ni huko huko. Hilo huwasha ngozi na kuwasumbua wenye pumu. Ling'oeni kwa glavu kabla halijatoa maua.

Kwa nini asili iwe na maana, ikiwa nyuki hunywa popote? Kwa sababu kipepeo ana maisha mawili. Akishakuwa na mabawa hunywa kwenye maua mengi, ya wenyeji na ya wageni. Lakini akiwa kiwavi, aina nyingi hula majani ya mimea michache tu waliyoizoea kwa maelfu ya miaka. Mtaa wenye bogenvilia tupu ni kama mkahawa wenye chai bila chakula: wateja hupita, lakini hakuna anayelea watoto hapo.

Mimea tisa ya kuanzia

Mgagani (Cleome gynandra). Mboga hii tunaijua Pwani. Nairobi huuzwa kwa jina la saga au sagaa. Ina maua meupe yenye ndevu ndefu, na nyuki huyafuata asubuhi mapema. Chuma majani ya mashina mengi, lakini acha matatu au manne yachanue na kutoa mbegu. Haipendi maji ya kusimama, hivyo ipande kwenye tuta.

Mito (Crotalaria). Mboga nyingine ya sokoni, maarufu kwa watu wa Magharibi ya Kenya. Maua yake ni manjano na hufanana na ya kunde. Huweka naitrojeni kwenye udongo, na mgeni wake mkuu ni yule nyuki mkubwa mweusi anayetoboa mbao. Mbegu zake zina sumu. Mfundishe mtoto asizichezee mdomoni.

Kivumbasi (Ocimum). Huyu ni ndugu wa mrihani, anayefukuza mbu kwa harufu. Aina kadhaa ni za Afrika Mashariki kwa asili, mojawapo ikibeba jina la Kilimanjaro katika jina lake la kisayansi. Vijiua ni vidogo lakini huchanua kwa miezi, na sijaona mmea unaojaza nyuki kama huu katika eneo dogo.

Leonotis. Hana jina moja la Kiswahili linalojulikana na wote. Ni shina refu lenye mipira ya miiba iliyopangwa kwa ghorofa, na kila mpira hutoa mirija ya rangi ya chungwa. Umbo la mirija hiyo linafaa mdomo uliopinda wa chozi. Ukitaka ndege huyu aje dirishani, anza na Leonotis.

Pentasi (Pentas lanceolata). Wengi huinunua kwenye vitalu vya kando ya barabara wakidhani imetoka Ulaya, kumbe ni ya Afrika Mashariki. Maua yake ni vishada vya nyota ndogo, waridi, meupe au mekundu. Mirija yake ni myembamba, hivyo wanaofaidika zaidi ni vipepeo na nondo wenye ndimi ndefu.

Aspilia (Aspilia mossambicensis). Kichaka cha maua ya manjano mfano wa alizeti ndogo. Huvumilia kukatwa na kukanyagwa. Kinafaa pembeni mwa ua, mahali ambapo watoto hupita na mpira.

Mshubiri wa nyika (Aloe secundiflora). Sote tunajua kuchungu kwa shubiri. Wa hapa una majani mapana yenye miiba na maua mekundu yaliyosimama juu ya mti wake kama mishumaa. Ndio akiba ya chozi mvua ikishakatika. Jambo moja: usiuchimbe porini. Mishubiri ya mwitu inalindwa, na biashara yake ya kimataifa iko chini ya mkataba wa CITES. Nunua kwa mwenye kitalu anayeiotesha kwa mbegu.

Gomphocarpus. Shina la utomvu mweupe na matunda yaliyojaa hewa kama puto. Utomvu wake ni sumu, nao ndio siri yake. Kiwavi wa kipepeo wa rangi ya chungwa mwenye ncha nyeusi na madoa meupe, Danaus chrysippus, hula majani haya na sumu hubaki mwilini mwake, hivyo ndege humwepuka. Watafiti wamemchunguza sana kipepeo huyu Nairobi, kwa kuwa hapa jamii zake mbalimbali hukutana, na kuna bakteria, Spiroplasma, anayeua watoto wa kiume wakiwa bado mayai. Matokeo yake, kuna nyakati majike huzidi madume kwa mbali. Madume nao utawaona wamekusanyika kwenye mito iliyokauka: hunyonya humo kemikali wanayoitumia kutengeneza harufu ya kuposea. Panda mito na Gomphocarpus karibu karibu nawe utajionea.

Maigoya (Plectranthus barbatus). Hili ni jina la Kikuyu, na kila aliyekulia Nairobi analijua. Majani yake ni laini kama kitambaa, maua ya buluu iliyokolea. Kata kijiti, chomeka, kimeshika. Ni ua bora kwa asiye na pesa ya kununua waya.

Kupata mbegu

Mgagani na mito ni rahisi: duka lolote la pembejeo huuza pakiti. Pentasi na maigoya huoteshwa kwa vipande vya shina vya urefu wa kiganja. Vitoe majani ya chini, vichomeke kivulini, vinyeshee wiki mbili au tatu. Kivumbasi, Leonotis na Aspilia kusanya mbegu mwenyewe kwenye viwanja vitupu na kando ya reli, mwisho wa msimu, zikiwa zimekauka juu ya mmea. Chukua kidogo kwa kila shina, nyingine ziachie mahali pake. Ukiwa na shaka na jina la mmea, Makumbusho ya Taifa yana Hebaria ya Afrika Mashariki yenye wataalamu wa kutambua. Shirika la Nature Kenya nalo lina watu wa mimea na ndege, na matembezi yake ya Jumatano asubuhi yanajulikana sana na wapenda ndege wa jiji.

Mbegu mbichi za mgagani hulala. Zihifadhi miezi mitatu au zaidi mahali pakavu ndipo uzipande. Za mito zina ganda gumu, zilaze ndani ya maji usiku mmoja. Za kivumbasi ni kama vumbi: zimwage juu ya udongo uliolowa, usizifunike, zishindilie kwa kiganja.

Kuandaa udongo

Usipigane na udongo mweusi, uinue. Tengeneza tuta la urefu wa kiganja kimoja na nusu, changanya samadi iliyoiva kidogo na mchanga wa mto au kokoto ndogo. Samadi isizidi. Maua haya yamezoea udongo maskini. Ukiyashibisha hutoa majani mengi na maua machache, kisha huanguka kwa upepo. Pia chimba mfereji mdogo pembeni mwa tuta ili maji ya masika yapite.

Panda mvua ya kwanza ikishalowesha udongo kiasi cha kidole kizima, si kabla. Wiki sita za mwanzo ndizo za kunyeshea, kila baada ya siku mbili au tatu mvua ikikatika. Maji ya mwisho ya kusuuza nguo yanafaa, lakini si ya povu la kwanza wala yenye dawa ya kung'arisha. Baada ya hapo punguza. Funika udongo kwa majani makavu, lakini acha kipande kitupu cha ukubwa wa sinia, kwa sababu nyuki wengi wasioishi mzingani hutaga ardhini.

Kwa asiye na ardhi, gunia, ndoo ya rangi au mtungi uliopasuka unatosha. Toboa chini, weka kokoto, jaza udongo. Kivumbasi, pentasi na mgagani hukaa vizuri kwenye roshani ya ghorofa ya nne Umoja au Pipeline, mradi jua lifike saa nne au tano kwa siku. Leonotis na Gomphocarpus wanataka ardhi.

Kazi za mwaka

Januari na Februari: usikate chochote. Vichwa vilivyokauka ni chakula cha ndege wala-mbegu. Kusanya mbegu zako.
Machi: kata mashina makavu, inua matuta, panda mvua ikitulia.
Aprili na Mei: palilia. Hapa Parthenium huja kwa kasi.
Juni hadi Agosti: mimea husinyaa kwa baridi. Usidhani imekufa, na usiizidishie maji.
Septemba: panda vipande vya pentasi na maigoya kwenye mikebe.
Oktoba hadi Desemba: hamishia ardhini, panda mbegu za pili.

Majirani na hofu zao

Adui mkubwa wa bustani hii ni panga, kuliko ukame. Kijana anayelipwa kufyeka haoni maua, anaona magugu. Mara ya kwanza aliniuliza kwa adabu, "Mzee, hili pori nikuondolee?" Nilimwonyesha chozi aliyekuwa akinywa. Tangu siku hiyo yeye ndiye mlinzi, na huwaelekeza wenzake. Dawa nyingine ni kuweka mpaka: mstari wa mawe yaliyopakwa chokaa, njia safi ya kupita, na kibao kidogo kilichoandikwa majina. Kilichozungushiwa mawe huhesabiwa bustani.

Hofu zinazotajwa ni nne. Ya kwanza ni nyoka. Nyoka hufuata panya, na panya hufuata takataka na mbao zilizorundikwa. Mashina ya Leonotis hayana cha kuwapa. Ya pili ni mbu. Mbu hutaga ndani ya maji yaliyosimama, si kwenye maua, hivyo ukiwawekea ndege sinia la maji limwage kila baada ya siku mbili. Ya tatu ni yule mdudu mwembamba mwekundu na mweusi anayejulikana duniani kwa jina la jiji letu. Haumi wala hachomi. Huunguza akipondwa ngozini. Mpulize, kisha osha kwa sabuni. Zima taa ya nje usiku wa mvua, kwa kuwa hufuata mwanga. Ya nne ni ya haki kabisa: sumu. Gomphocarpus na mbegu za mito zisikae karibu na mlango wenye mtoto anayetambaa. Kadhalika Gloriosa, lile yungiyungi la kupanda lenye ndimi za moto. Ni mwenyeji, ni zuri mno, na kiazi chake huua. Mimi silipandi kotini.

Jingine ni dawa za kunyunyiza. Chawa wa mimea wakija, waoshe kwa maji yenye sabuni kidogo, au wangoje bibi-kobe na vunjajungu. Anayepiga dawa ya wadudu kwenye bustani ya wadudu amejitwisha kazi mbili zinazopingana.

Kinachopungua

Kaloleni ilijengwa miaka ya 1940 kwa mpango wa nyumba zilizozunguka viwanja vya wazi. Dandora ilipangwa miaka ya 1970 kwa mkopo wa Benki ya Dunia, nyumba zikitazamana juu ya ua wa pamoja, na katika miaka ya karibuni vijana wa huko wamesafisha nyua hizo na kuzipanda. Buruburu nayo ilijengwa kwa makoti, kila moja na kiwanja chake. Leo viwanja hivyo ndivyo vinavyoliwa kwanza: kibanda hapa, ghorofa pale, matofali ya kabro ya kuegesha magari. Kotini kwetu kimebaki kipande cha hatua tatu kwa kumi na mbili. Kamati ilitaka kukiweka kabro. Sikuwalaumu, magari yameongezeka na wizi wa vioo haujaisha. Nilichofanya ni kuomba misimu miwili. Masika iliyofuata, maji ambayo huko nyuma yalikuwa yakiingia nyumba mbili za chini yalizama katika matuta yale. Hoja ya vipepeo haikumshawishi mtu yeyote kikaoni. Hoja ya maji iliwashawishi wengi. Kipande kimebaki mpaka sasa, lakini kwa kura mbili tu, na kila mkutano wa mwaka hurudi kwenye ajenda.

Ndiyo sababu nasema tusingoje serikali. Chozi anayetoka mbugani hadi Mto Nairobi huhitaji vituo vya kunywa njiani, na kituo ni kichaka kimoja cha Leonotis. Nyumba kumi zenye ndoo mbili mbili kila moja ni njia tayari.

Kwa walioko Pwani, msione haya ni mambo ya bara. Huko Gede, pembeni mwa msitu wa Arabuko-Sokoke, Mradi wa Kipepeo ulioanza mwaka 1993 huwalipa wanavijiji kwa kufuga vipepeo, na kazi yao huanza kwa kupanda mimea ya kienyeji ambayo viwavi wanaila. Mshubiri, kivumbasi na mgagani mnavyo. Ulizeni bibi zenu majina ya vilivyobaki kabla hayajasahauliwa, na muyaandike.

Kwa aliyeko Eastlands, anza na mimea mitatu: kivumbasi, mgagani, Leonotis. Andaa tuta Septemba, ngoja udongo ulowe Oktoba, panda. Na kabla ya yote, zungumza na anayeshika panga.